UZI: Nampeleka mama Lyon kwenye sikukuu ya taa ya Desemba. Viza, baridi, umati, pa kulala

Binti_Ilala

Wakuu, heshima kwenu. Nataka kumpeleka mama Lyon, Ufaransa, kwenye ile sikukuu ya taa ya mwanzoni mwa Desemba, mwaka huu wa 2026. Mdogo wangu anasoma Grenoble, na yeye ndiye aliyetutia hamu kwa video zake: jengo zima linageuka bahari, mara linabomoka, mara linachipua maua. Mama ana lake. Ni mwana-WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki) wa kutupwa, na aliposikia kwamba chanzo cha mambo yote ni sanamu ya Bikira Maria juu ya kilima, mjadala ukafungwa hapohapo. Mimi nimebaki na kazi ya kutafuta nauli.

Ana miaka sitini na ushee, goti la kulia linamsumbua, na baridi kali kuliko zote anayoijua ni ya Lushoto mwezi wa saba. Maswali: viza tuanze lini, tulale wapi bila kuuza kiwanja, tuvae nini, na je, kwa mtu kama yeye ule umati unawezekana? Mlioko huko au mliowahi kufika, naomba mnifungue macho. Wale wa kuniambia niende Zanzibar badala yake, nimeshawasikia.

MzeeWaFeri

Zanzibar.

Haya, sasa endeleeni. Nauli ya watu wawili kwenda kutazama balbu! Nakaa hapahapa nasoma, siendi popote.

Mkaazi_Villeurbanne

Binti, karibu. Naishi Villeurbanne, mji uliopakana na Lyon. Unatoka mtaa mmoja unaingia mwingine bila kujua umevuka mpaka. Nitaandika kirefu kidogo, mtanivumilia.

Tuanze na tarehe. Sikukuu huchukua siku nne zinazoizunguka 8 Desemba. Mwaka huu tarehe 8 ni Jumanne. Siku rasmi na ratiba ya maonyesho hutolewa na jiji lenyewe kwenye tovuti ya sikukuu, kwa hiyo tiketi ya ndege ikatwe kwa kusoma hapo, si kwa kusikia kwa mtu, hata mimi. Ila litangazwe lolote, tarehe 8 usiikose. Ndiyo siku yenyewe. Na kwa mfanyakazi wa bongo kuna nafuu: tarehe 9 ni Uhuru, unaokoa siku moja ya likizo.

Kwa nini tarehe 8? Mama yako atapenda hii. Mwaka 1852 watu wa Lyon walikuwa wazindue sanamu ya Bikira Maria, kazi ya mchongaji Joseph-Hugues Fabisch, juu ya mnara wa kanisa dogo la kilima cha Fourvière. Uzinduzi ulipangwa tarehe 8 Septemba. Mto Saône ukafurika, maji yakaingia karakana ya mchongaji, kazi haikumalizika. Wakasogeza mpaka 8 Desemba, sikukuu ya Mkingiwa Dhambi ya Asili. Siku ikafika, ikaja dhoruba, wakuu wa kanisa wakawa karibu kuahirisha tena. Jioni hewa ikatulia. Watu wakaanza kuwasha mishumaa madirishani kwao, bila kuagizwa na mtu, nyumba moja hadi nyingine, mpaka mji wote ukawaka. Tangu hapo kila mwaka.

Hizi projekta na muziki ni za juzi tu. Sikukuu ya siku kadhaa inayosimamiwa na jiji imeanza mwishoni mwa miaka ya 1990. Wenyeji wengi ninaowajua hawaendi hata kuyaona hayo maonyesho makubwa Jumamosi. Lakini tarehe 8 jioni mishumaa madirishani lazima. Vinauzwa vikombe vidogo vya kioo vyenye mifuo pembeni, vingine vyeupe, vingine vya rangi, ndani unaweka mshumaa mfupi. Unavipanga kwenye ukingo wa dirisha, unawasha kabla ya chakula cha usiku. Kwa maoni yangu hiki ndicho cha kusafiria. Projekta ziko Amsterdam, ziko Berlin, ziko kila mahali siku hizi.

Umati sasa. Kwa siku zote hukadiriwa watu kama milioni mbili, na wengi wao wanataka kuingia Presqu'île, ule ulimi wa ardhi kati ya mto Rhône na mto Saône. Ijumaa na Jumamosi usiku ni kivuko cha Kigamboni saa kumi na mbili jioni, ila wamevaa makoti. Magari yanazuiwa kuingia, mifuko inakaguliwa mlangoni, na mitaa mingi ni ya kwenda upande mmoja tu: ukiingia, huwezi kugeuka. Kwa hiyo, Binti, usipange utaona nini. Panga utaingilia wapi na utatokea wapi, halafu utakachokiona kati ya hapo ndiyo sikukuu yako.

Koti_la_Karume

Nimesubiri swali la nguo, hili ni langu, nauza makoti mwaka wa ngapi huu sijui.

Dada, usinunue koti Ulaya. Makoti ya huko yanatuangukia hapa Karume, sokoni kwa mitumba, kwa bei ya chipsi mayai, kwa sababu Dar nani avae? Njoo asubuhi marobota yanapofunguliwa. Shika koti begani, libonye: likirudi lenyewe kujaa, nyoya za ndani bado zina uhai, likibaki limelala, limefuliwa mpaka limekufa. Angalia zipu inashuka mpaka chini na kupanda bila kukwama, maana ukiwa na glavu hutaweza kubembeleza zipu. Koti lifike katikati ya paja, si kiunoni. Mama akilivaa liwe na nafasi ya sweta ndani.

Ila viatu usihangaike na mitumba. Nunua vipya, soli nene ya mpira, namba moja zaidi ili soksi mbili ziingie.

Mkaazi_Villeurbanne

Koti_la_Karume kamaliza. Naongeza moja tu: Lyon Desemba si baridi ya kutisha kwa namba, mara nyingi usiku huwa nyuzi chache juu ya sifuri, hata theluji si ya uhakika. Ubaya wake ni unyevu wa mito miwili, na kusimama. Mtu anayetembea hapati shida. Ukisimama nusu saa kwenye mawe ya Place des Terreaux, uwanja wa katikati ya mji, baridi inapanda kutoka kwenye nyayo, na hapo koti la gharama yoyote halina msaada. Soksi za sufu, na kipande cha kadibodi mfukoni. Ukifika mahali pa kusimama unakiweka chini, unakikanyaga. Watacheka, wacha wacheke.

Simu pia iwe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Betri inaisha ghafla kwenye baridi, na tiketi ya treni imo humohumo.

Kalamu_Nyeusi

Viza. Huwa nawasaidia watu kujaza fomu, nitasema yaliyo ya kawaida.

Maombi ya viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Usifike huko kwenye 15. Kwa safari ya Desemba, tafuta miadi mapema, Agosti au Septemba. Ada ya mtu mzima ni euro 90 na ikinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000, ifunike siku zote na nchi zote za Schengen. Kama mtapita na nchi nyingine, mnaomba kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi.

Hapa kwenye malazi ndipo watu hukwama. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni hoteli iliyolipiwa au kuwekewa nafasi. Hapo Ufaransa inataka uonyeshe uwezo wa euro 65 kwa siku kwa kila mtu. Ya pili ni mwenyeji kuwakaribisha kwake, lakini si kwa barua ya kuandika kwa mkono. Anakwenda ofisi ya meya wa mji wake kuomba hati inayoitwa attestation d'accueil, na hiyo ikiwepo kiasi cha kila siku kinashuka hadi euro 32.50. Tatizo la mdogo wako ni kwamba ofisi inaangalia pia kama nyumba inatosha kupokea wageni. Mwanafunzi mwenye chumba kimoja cha bweni, mama na dada mtalala wapi? Mimi ningekwenda na hoteli moja kwa moja.

Jambo lingine. Taarifa ya benki iwe na maisha ndani yake: mshahara unaingia, kodi inatoka, ada ya mtoto inatoka. Milioni nane zilizotua juzi kwenye akaunti iliyokuwa imelala hazimdanganyi mtu. Kwa mama asiye na mshahara, wewe ndiye mdhamini wake: barua yako, barua ya mwajiri wako, na cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha kwamba ni mama yako kweli.

Binti_Ilala

Kalamu_Nyeusi nakushukuru sana. Cheti changu cha kuzaliwa jina la mama limeandikwa la kabla ya kuolewa, pasipoti yake ina jina la marehemu baba. Itakuwa shida?

Kalamu_Nyeusi

Weka na cheti cha ndoa, na kiapo cha mahakamani kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Anza nacho leo, usingoje miadi. Na vyote viwe na tafsiri ya Kifaransa au Kiingereza.

MamaTausi_Nai

Hamjambo nyote. Mimi natoka Nairobi, nilienda na mtoto mdogo, kwa hivyo naelewa mambo ya goti. Mtu asiyeweza kwenda haraka ni yuleyule, awe mdogo au mkubwa.

Gari la mtoto niliacha hotelini. Huwezi kulisukuma kwa huo umati. Nilimfunga mgongoni na leso, nikavaa koti kubwa juu yetu sote wawili, akalala fofofo huku watu wakinipiga picha mimi badala ya taa.

Kwa mama, beba kile kistuli cha kukunja cha wavuvi. Hakuna benchi. Hiyo sitii chumvi, viwanja vikijaa benchi zote zimekaliwa na watu waliosimama juu yake. Na maonyesho ya viwanja vikubwa hurudiwa tena na tena, kila moja ni dakika chache, halafu kundi linatolewa na lingine linaingia. Mkifika katikati ya onyesho msikimbilie mbele. Bakini nyuma karibu na njia ya kutokea, mama aketi, likianza upya mtaliona lote. Picha iko ukutani juu, mtu wa mbele hakuzuii.

Vyoo! Hakuna mtu hukuambia hii. Nunua chokoleti ya moto kwa mkahawa, utumie choo hapo kabla hujaingia kwa umati.

Ustadh_Tandale

Samahani kuingilia. Mimi na mke wangu tunafikiria vilevile, ila je, kwa Muislamu si kushiriki ibada ya watu? Na chakula je?

Mkaazi_Villeurbanne

Ustadh, ya dini utamuuliza aliyekuzidi elimu. Ninachoweza kukueleza ni yanayoonekana. Maonyesho ya mjini ni kazi za wasanii, yanasimamiwa na jiji, na mengi hayana habari ya dini kabisa: samaki, misitu, maroboti. Ibada iko upande wake, kule Fourvière na Kanisa Kuu la Saint-Jean, pamoja na maandamano ya mishumaa tarehe 8 jioni kupanda kilima. Usipoyafuata, hayakufuati.

Chakula, ile mikahawa ya asili ya Lyon inayoitwa bouchon, uliza kabla ya kuagiza. Nguruwe yumo kwenye soseji, yumo kwenye saladi, na mvinyo unaingia kwenye mchuzi. Hata kile kinywaji cha moto kinachouzwa barabarani chenye harufu ya mdalasini na karafuu ni mvinyo, usije ukadhani ni chai ya maziwa imegeuka rangi. Nenda Guillotière.

Papa_wa_Bukavu

Guillotière ndiyo mtaa wangu! Mimi mtu wa Bukavu, niko hapa miaka mingi. Pale utapata nyama ya halali, wali, samaki, pilipili yetu, hata ndizi za kupika. Metro D, treni ya chini ya ardhi, unashuka kituo chenye jina hilohilo. Tena ukivuka daraja la hapo kwa miguu unatokea Place Bellecour, ule uwanja mkubwa wenye sanamu ya Louis XIV juu ya farasi. Watu wanapigana kuingia metro za katikati, na usiku baadhi ya vituo vya katikati hufungwa. Sisi tunakula kwanza, tunavuka, tunaangalia, tunarudi kulala. Hatuna haraka.

Mama akichoka kula wali, mpe tarte à la praline, ile pai nyekundu ya lozi zilizoviringishwa kwenye sukari. Atasema ni tamu kupita kiasi, halafu ataomba nyingine.

Binti_Ilala

Nimecheka, huyo ndiye mama kabisa.

Nimekaa na daftari jana usiku, nikatoka na hivi, nikosoeni. Tunaruka na Turkish kupitia Istanbul mpaka Lyon. Tunafikia Grenoble kwa mdogo wangu mchana mmoja, kisha tunahamia hoteli Lyon. Bei za katikati zimenitoa jasho. Nimeona Grenoble treni ni kama saa moja na nusu, nikafikiri labda tulale kulekule tuwe tunakuja na kurudi? Jumamosi tuone Terreaux, Bellecour, Saint-Jean na bustani ya Tête d'Or. Jumapili tupumzike. Jumatatu turudie tulivyovikosa. Tarehe 8 usiku tupande Fourvière na maandamano.

Mkaazi_Villeurbanne

Safari ya ndege sawa. Emirates nao wanafika Lyon kupitia Dubai, na KLM kupitia Amsterdam, linganisha. Ukipata ya Paris kwa bei nzuri usiiogope: chini ya uwanja wa Charles de Gaulle kuna stesheni ya treni ya kasi inayokuja Lyon, stesheni ya Part-Dieu, moja kwa moja, saa mbili hivi. Ukitua Lyon penyewe, tramu ya Rhônexpress inakufikisha Part-Dieu kwa nusu saa.

Kulala Grenoble, hapana. Maonyesho yanaanza saa moja au saa mbili usiku na kuendelea mpaka saa tano au sita. Treni ya mwisho haitakusubiri, na mama mwenye goti hawezi kukimbizana nayo. Tafuta hoteli Villeurbanne kwenye metro A, vituo vya République au Gratte-Ciel, au upande wa Monplaisir kwenye metro D. Chukua ile ya kughairi bila malipo hata kama imezidi kidogo. Mwaka 2015 sikukuu ilifutwa wiki chache kabla, baada ya mashambulizi ya Paris ya 13 Novemba. Watu waliwasha mishumaa madirishani tu, kuwaombolezea waliokufa. Mwaka 2020 korona. Waliokuwa wamelipia vyumba bila kinga walijionea.

Jumamosi yako nimeisoma mara mbili. Terreaux, Bellecour, Saint-Jean na Tête d'Or usiku mmoja? Hata kijana wa Mbio za Mwenge hamalizi. Jumamosi mpumzishe mama kabisa, au mchana mpeleke kwenye jumba la ndugu Lumière huko Monplaisir, wale waliotengeneza sinema mwaka 1895. Ndani kuna joto na viti. Terreaux iwekeni Jumapili au Jumatatu kama ratiba itawaruhusu. Shukeni Foch kwenye metro A, vukeni daraja la Morand kwa miguu, mtaingilia upande wa jumba la opera. Mkishamaliza, rudini mashariki mwa Rhône kwa daraja watakaloelekezwa watu, msing'ang'anie lilelile.

Na pale Terreaux mwoneshe mama chemchemi ya farasi wanne. Ni ya Bartholdi, yuleyule aliyechonga sanamu ya Uhuru ya New York. Farasi wa madini ya risasi wanatoa mvuke puani, na usiku wa baridi wanaonekana wamefika sasa hivi.

Tarehe 8, maandamano yanapanda kilima, na kilima kile si mchezo. Geuza. Pandeni asubuhi kwa kile kitreni cha kamba kinachotoka Vieux Lyon, dakika chache mko juu. Mama asali, awashe mshumaa wake, akae atakavyo. Basilika kubwa ilianza kujengwa 1872. Ile sanamu iliyoanzisha yote iko pembeni yake, juu ya mnara wa kanisa la zamani, imepakwa dhahabu. Nyuma kuna uwanja wa kutazamia mji wote. Shukeni kabla jua halijazama, na huku linazama saa kumi na moja jioni. Halafu msiende katikati. Njooni huku kwetu, au Monplaisir, mtembee mitaa ya kawaida saa kumi na mbili, moja, muone madirisha.

MzeeWaFeri

Mimi swali. Hoteli wanaruhusu kuwasha mishumaa dirishani?

Mkaazi_Villeurbanne

Mzee, umeanza kupanga safari? Nyingi haziruhusu, na zina haki. Binti, nitumie ujumbe wa faragha ukishapata viza. Dirisha la jikoni kwangu linaangalia barabarani, na mke wangu ananunua vikombe vingi kuliko tunavyohitaji. Mama atawasha vyake hapo, chai ya tangawizi ipo.

Binti_Ilala

Sina la kusema kaka, Mungu akubariki na shemeji. Nimemsomea mama, ameuliza mkeo anapenda nini kutoka bongo.

Mkaazi_Villeurbanne

Dagaa wa Kigoma. Wafungeni vizuri, wasije wakaishia forodhani... naona wenzangu wanakohoa. Kalamu_Nyeusi, inaruhusiwa?

Kalamu_Nyeusi

Samaki mkavu kwa matumizi binafsi kuna kikomo cha uzito, hadi kilo 20. Nyama na maziwa ndiyo marufuku kabisa, hata ya ng'ombe wa bibi. Maini na nyama choma zibaki Ilala.

Koti_la_Karume

Binti, Jumamosi asubuhi robota jipya linafunguliwa. Mlete na mama mwenyewe, nimpime mabega.